Ustadi wa Kupisha

Katika sanaa zote zilizolelewa Tabora, mimi naipa heshima ya kwanza sanaa ya wacharazaji wa gitaa. Na katika ustadi wote wa gitaa nausifu zaidi ule ambao wasikilizaji, kwa kushughulika na vidole vyenye mbio, huupita bila kuutambua, nao ni ustadi wa kupisha, yaani kujua ni sauti gani uiache ili mwenzio aitoe.

Mji wenyewe haukupata kuwa mwisho wa safari ya mtu. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani tokea pwani, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe yao, na njia imegawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikipanda Karagwe na Buganda. Na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao mabega yao ndiyo yaliyoichukua biashara ile yote, walikuwa wakienda kwa nyimbo na ngoma, kirongozi akiwa mbele, maana safu ndefu ya watu wenye mizigo haiwezi kumfuata mwenye pupa. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928, haikuibadili tabia hiyo ya njia panda, ila ilibadili shehena. Na miongoni mwa shehena hizo, baada ya Vita vya Pili, zikawamo santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV, ilhali rumba ya Kongo ilikuwa ikivuka ziwa na kupenya redioni.

Hapo ndipo zilipotokea bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Sina haja ya kueleza historia yao kwa urefu, maadamu mzee yeyote aliyecheza dansi zamani zile ataieleza vizuri kuniliko. Yatosha kukumbuka kuwa Tabora Jazz waliuita mtindo wao Segere Matata, na kuwa Shem Karenga, mpiga gitaa na mtunzi wao, ndiye aliyetunga Dada Asha, wimbo ambao hata asiyejua Tabora iko upande gani wa nchi huweza kuufuatisha mdomoni.

Sikiliza basi magitaa ya zama zile yanavyogawana kazi. Besi hukaa chini, haisemi mengi. Mpiga rithimu huuegemeza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, karibu na daraja, ili zisivume kupita kiasi, akarudia sauti zake tatu au nne zilezile, kidogo nyuma ya pigo, mpaka mtu akadhani amesinzia. Juu yake huja solo ya pili, ikijibu na kujaza. Mpiga solo, ambaye jina lake ndilo litakalotajwa, hungoja. Akiingia hutoa kauli fupi, aghalabu huiacha haijatimia, na wa pili huipokea na kuitimiza, hata msikilizaji asiweze kuapa ni mkono wa nani uliotoa sauti aliyoisikia. Mwimbaji akiisha kusema lake na wimbo ukaingia kwenye chemko, yaani sehemu yake ya kuchangamka, mrudio huo huendelea dakika baada ya dakika bila kuchosha. Jaribu kumwondoa yule wa rithimu, asiyesifiwa na mtu, uone kama kutabaki wimbo.

Mazingira ya kurekodi nayo yaliwafunza adabu hiyo. Bendi iliposafiri hadi Radio Tanzania Dar es Salaam ilipiga yote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mmoja akikosea, wote huanza upya. Santuri zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hata mlango huo ukazibwa, zikabaki tepu za redio kuwa hazina yetu.

Nje ya kwetu watu wameitafuta hali hii ya sauti kupokezana kwa njia nyingine. Mwaka 1972, nyumbani kwa mwanamuziki Brian Eno jijini London, Robert Fripp alipiga gitaa huku Eno akipitisha utepe mmoja katika mashine mbili, ya kwanza ikiinasa sauti na ya pili ikiirudisha baada ya sekunde kadhaa, sauti juu ya sauti, mpaka chumba kikajaa. Albamu yao ikatoka mwaka 1973, na mwaka 1978 Eno akaupa muziki wa namna hiyo jina la ambienti, akikusudia uweze kusikilizwa kwa makini au kuachwa upite kama hewa. Naipenda kazi ile, wala siidharau mashine. Lakini mashine hurudisha ulichokitia, na mpigaji hubaki akizungumza na kivuli chake, ilhali mpiga solo wa pili wa Tabora alikirudisha kitu ambacho mwenzake hakukitazamia. Vijana wanaotumiana vipande vya gitaa kwa intaneti na kuvipanga viwe albamu ya ushirika wamepewa nafasi isiyo na kikomo, na shida yao, kwa insafu, ni kuwa kila mmoja aweza kuijaza yote.

Wakongwe hawakuwa na shida hiyo. Mapema katika miaka ya 1990 wanamuziki wa zamani walikusanyika Dar es Salaam, wakapata vyombo kwa msaada wa HelpAge, shirika la kusaidia wazee, wakajiita Shikamoo Jazz. Walitoka katika bendi mbalimbali zilizokuwa zikishindana. Salum Zahoro wa Kiko Kids alikuwamo. Mwaka 1995 walikwenda Uingereza pamoja na mwimbaji Bi Kidude wa Unguja. Albamu yao ya Chela Chela ilipigwa na watu waliokwisha kupishana, wengine kwa karibu miaka 40, nao hawakuhitaji kuambiwa nani aanze.