Si kila mwenye haraka atakufa kwa moyo

Bila shaka umewahi kuambiwa: "Punguza hasira, utakufa kwa presha." Mimi naambiwa sana, maana nikiwa kwenye foleni natikisa mguu mpaka watu wananitazama. Hebu tuichunguze kauli hii, ina historia yake.

Mwaka 1959 madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walimweleza mtu wa "Aina A": ana haraka, anapenda ushindani, hasira iko karibu. Baadaye wakafuatilia wanaume 3,154 wa California kwa takriban miaka minane na nusu. Wa Aina A waliugua mishipa ya moyo karibu mara mbili ya wenzao, hata baada ya sigara na presha kuingizwa kwenye hesabu. Kitabu chao cha 1974 kikauzwa sana.

Sasa shida inaanzia hapa. Kundi lilelile lilipofuatiliwa miaka 22, Aina A haikutabiri nani angekufa kwa moyo. Mwaka 1988 David Ragland na Richard Brand wakaangalia wanaume 231 walionusurika tukio la kwanza la moyo. Kumbe waliokuwa na kiwango kidogo cha vifo ni haohao wa Aina A! Halafu mwaka 2012, uchambuzi wa nyaraka za ndani za kampuni za sigara ulionyesha kwamba Philip Morris walifadhili kazi ya Friedman kwa miaka mingi. Faida yao unaiona: hulka ikibeba lawama, sigara inapumua.

Je, akili haihusiani kabisa na moyo? Hapana, inahusiana. Utafiti wa INTERHEART wa 2004, katika nchi 52, ulikuta msongo na sonona vikiambatana na mshtuko wa moyo. Ila nao usome kwa makini: waliulizwa baada ya kuugua, na mtu aliyetoka kuugua hukumbuka shida zake zaidi.

Kinachonitia hofu ni upande wa pili wa kauli ile. Nina mjomba mpole kuliko maji ya mtungini. Anavuta sigara na hapimi presha, kisa "mimi sina hasira na mtu". Yaani upole ameugeuza dawa. Kama unaye mjomba wa namna hiyo, usimsifie upole tu. Mpeleke akapime.