Nafsi ya Kwanza katika Insha za Kuombea Ufadhili wa Masomo

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi, wakaziacha kando insha ambazo wahitimu wetu huandika kila mwaka kuomba ufadhili wa masomo ng'ambo. Hata hivyo insha hizo nazo ni utanzu: zina fani yake na hadhira yake, na aghalabu ndizo zinazoamua nani asafiri na nani abaki. Makala haya yanazitazama kwa mfano wa ufadhili wa Chevening, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1983.

Kwa miaka mingi mwombaji wa Chevening ametakiwa kueleza, kwa maneno machache, mambo manne: uongozi wake, namna anavyojenga uhusiano na watu, sababu za kuchagua masomo yake, na mipango yake ya kazi. Hapa ndipo linapozuka tatizo la nafsi. Adabu yetu humfundisha mtu kusema "tulifanya" hata pale ambapo mzigo mzito aliubeba yeye. Mathalani, mwombaji huandika: "Tulianzisha maktaba kijijini." Msomaji asiyemjua hawezi kutambua kama aliianzisha au alihudhuria tu siku ya kufunguliwa.

Wengine, kwa kuikwepa aibu hiyo, hukimbilia sifa tupu: "Mimi ni kiongozi shupavu na mbunifu." Hilo ni kosa kubwa zaidi. Fasihi simulizi yetu inayakubali majigambo, lakini anayejigamba hutaja matendo, tena mbele ya watu waliomwona akiyatenda. Watu hao ndio mashahidi wake. Insha haina mashahidi wa namna hiyo. Kwa hiyo ushahidi hauna budi kukaa ndani ya matini yenyewe.

Shaaban Robert alilielewa jambo hili alipoandika wasifu wa Siti binti Saad. Ukuu wa mwimbaji huyo, aliyetoka Fumba akiuza vyungu na ambaye mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, unadhihirishwa na safari ya maisha yake kuliko sifa yoyote. Mwombaji naye na aandike: "Tulianzisha maktaba; kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la vitabu na kupita nyumba kwa nyumba kuvidai vilivyochelewa." Hapo "tu-" imehifadhi haki ya wenziwe, na "-angu" imeonyesha sehemu yake. Unyenyekevu haukupotea, wala ukweli haukufichwa.

Jambo la pili ni mshikamano. Masharti humtaka aliyefadhiliwa arejee kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Basi anayeahidi "kuleta maendeleo" bila kutaja kazi atakayoishika hajajibu swali. Aliyedai vitabu vijijini akiomba kusomea ukutubi, kisha akapanga kuimarisha maktaba za wilaya yake, majibu yake manne huwa maisha ya mtu mmoja.

Huenda ikasemwa kwamba tunawafunza vijana kujiuza. La hasha. Anayenakili insha ya mwenziwe iliyofaulu ndiye anayejiuza, kwani amejifuta akaweka mtu mwingine mahali pake. Insha nzuri haimhakikishii mtu nafasi. Lakini ikikataliwa, angalau aliyekataliwa ni yeye mwenyewe. Ni wajibu wa idara zetu kufundisha utanzu huu kwa uzito uleule tunaoupa ushairi.