Sifa za Alama ya Kutoa

Seremala hujulikana kwa randa, mshonaji kwa cherehani. Fundi wa fizikia ya nadharia hana anachobeba ila kalamu. Kazi yake ni kuushika mlinganyo unaoaminika na kuufuata hadi unakoishia, hata ukimfikisha asikotaka. Mimi namsifu kwa jambo moja: jinsi anavyoiheshimu alama ya kutoa.

Mwanafunzi wa sekondari, awe wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, au wa Mbarara mjini, hufundishwa mapema kuidharau. Jiwe limerushwa juu kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde kutoka ukingo wenye kimo cha mita 40. Litafika chini baada ya muda gani? Mlinganyo unampa majibu mawili: sekunde 4 na sekunde −2. La pili analipiga mstari, na mwalimu anampa maksi zote. Mwaka 1928 Paul Dirac naye alipata mlinganyo wa elektroni wenye majibu ya namna hiyo, nishati chanya na nishati hasi. Hakupiga mstari. Alihangaika nayo hadi mwaka 1931, akatamka kwamba elektroni ina pacha mwenye chaji chanya. Mwaka 1932 Carl Anderson akaiona njia ya pacha huyo pichani, huko California.

Kuwa chini ya sifuri si kiinimacho. Mwenye duka wa Base Camp, huko Nakivale, anajua: aliyechukua sukari kwa mkopo lazima alipe kwanza ndipo asimame kwenye sifuri. Vivyo hivyo kila kilo ya udongo wa Isingiro inadaiwa na Dunia megajouli 62 hivi; isipolipa, haiondoki.

Tungamo hasi ndiyo kazi ngumu zaidi. Hermann Bondi aliichambua mwaka 1957 kwa kanuni za Einstein. Weka mpira wa kilo 2 kando ya mpira wa kilo −2. Tungamo chanya huvuta kila kitu; tungamo hasi husukuma kila kitu. Basi ule hasi unavutwa kuufuata ule chanya, na ule chanya unasukumwa kuukimbia. Mmoja anafukuza, mwenzake anatimka, na kasi inazidi bila tone la mafuta. Utasema huu ni wizi. Fungua hesabu: mipira ikifika mita 10 kwa sekunde, mmoja una jouli 100, mwingine jouli −100, jumla ni sifuri, kama mwanzo. Zidisha tungamo kwa kasi: 20 na −20, sifuri tena. Hakuna sheria iliyovunjwa, ingawa akili imechoka.

Hata hivyo, kuiheshimu alama si kuiamini kibubusa. Mwaka 1948 Hendrik Casimir alikokotoa kwamba bamba mbili za chuma zilizokaribiana mno zitavutana, kwa kuwa nishati iliyo kati yake imeshuka chini ya ile ya ombwe tupu. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux akaupima mvuto huo kwa makini. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre wa Meksiko aliandika hesabu za chombo cha kuishinda nuru kwa kukunja anga. Mlinganyo ulikubali, lakini ukadai nishati hasi nyingi ambayo hakuna ajuaye pa kuipata. Na mwaka 2023, atomu za antihidrojeni, zenye pacha yule wa elektroni ndani yake, zilipoachiwa huko CERN, zilianguka chini kama maada nyingine yoyote. Fundi mwema huviandika vyote viwili, kilichotimia na kilichogoma.

Bondi huyo alikuwa Myahudi aliyezaliwa Vienna mwaka 1919. Mwaka 1940 Uingereza ilimtia kizuizini kama raia wa nchi adui, ikampeleka hadi Kanada. Huko kizuizini ndiko alikofahamiana na Thomas Gold, na mwaka 1948 wawili hao wakatoa nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, ambayo baadaye vipimo viliikataa. Nakivale, tofauti na kizuizi hicho, haina ua wa seng'enge. Watu hupewa viwanja, wakalima, wakasomesha watoto. Kama ufundi huu ulistahimili kizuizi cha Bondi, hauwezi kuwa mali ya vyuo vikubwa peke yake. Tena haukuombi umwamini mtu, awe Bondi au mimi. Chukua kalamu, weka kilo 3 na kilo −3, chagua kasi uipendayo, ujumlishe mwenyewe.