Fungu Lisilo na Ushahidi

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kusema juu ya jambo dogo la darasani, nalo ni fungu la maneno, ambalo vitabu vya siku hizi huliita aya. Watoto wa Temeke na Kinondoni hufundishwa ya kuwa kila fungu lina sentensi kuu, ndiyo itajayo jambo lenyewe, kisha hufuata sentensi za kuithibitisha. Kanuni hiyo ni njema, wala hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni juu ya namna inavyofundishwa.

Tazameni fungu hili. Tumelitunga sisi wenyewe kwa mfano, lakini mwalimu ye yote wa Mbagala au Tandale atalitambua kama atambuavyo mlio wa kengele yake:

"Maji yana faida nyingi sana. Faida ya kwanza ya maji ni kunywa. Faida ya pili ni kupikia. Faida ya tatu ni kufulia nguo. Kwa hiyo maji ni kitu muhimu katika maisha ya binadamu."

Kanuni imeshikwa yote. Sentensi kuu ipo, tena iko mahali pake. Za kuithibitisha zipo tatu. Herufi kubwa na nukta hazina kosa. Walakini aliyelisoma hakupata habari hata moja. Fungu hili laweza kuandikwa na mtoto wa Bukoba, au wa ng'ambo, au na mtu asiyepata kubeba ndoo maisha yake yote. Na huyu aliyeandika ni nani? Huenda ndiye aamkaye alfajiri kupanga madumu kisimani, ajuaye kisima cha jirani yupi kina maji ya chumvi, na siku gani mwenye mkokoteni hupandisha bei. Mwulizeni kwa mdomo, "Jana maji mliyapataje?" naye atawapeni fungu zima, lenye mwanzo na ushahidi, pasipo kusitasita. Akishika kalamu huyaacha yote hayo nje ya mlango, maana ameelewa ya kuwa insha ni mahali pa kusema yale yasemwayo na watu wote.

Nani aliyemfunza hivyo? Kwanza twautaja mtihani. Katika karatasi za Kiswahili za darasa la saba, kwa muda mrefu katika miaka ya 2010, sehemu iliyoitwa Utungaji haikumtaka mtoto atunge neno lo lote. Alipewa sentensi nne zilizochanganywa, akazipanga kwa herufi A, B, C na D, kisha akatia kivuli kwa penseli. Twakubali ya kuwa zoezi hilo lina faida yake, maana lamfundisha mtoto kuona lipi hutangulia na lipi hufuata. Tena twajua ya kuwa watahiniwa wa nchi nzima huhesabiwa kwa malaki, na kusahihisha insha zao si kazi ya siku mbili. Lakini kupanga matofali yaliyofyatuliwa na mwingine si kufyatua. Na mwalimu apimwaye kwa matokeo ya mtihani, mtamlaumuje akifundisha yaulizwayo? Hata karatasi ikibadilika, mazoea hukaa.

Tena kuna wingi wa watoto. Serikali ilipoondoa ada na michango ya shule kuanzia Januari 2016, watoto waliingia kwa wingi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini pembeni mwa mji yako madarasa yapitayo watoto mia. Mwalimu mwenye madaftari mia mezani hutafuta alama zionekanazo upesi: sentensi kuu ipo? Vema. Tatu za kufuata zipo? Vema. Daftari linafungwa. Alichosema mtoto hakikusomwa na mtu.

Na kanuni yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Mskochi mmoja, Alexander Bain, aliyekuwa akifundisha huko Aberdeen, ndiye aliyeziweka kanuni za fungu katika kitabu chake cha mwaka 1866. Miaka mia na zaidi ikapita, na mwaka 1974 Mmarekani Richard Braddock akayahesabu mafungu ya waandishi wa magazeti ya kwao, akaona ya kuwa yaanzayo kwa sentensi kuu ni kama 13 tu katika 100. Wazee wetu wa pwani nao, walipoandika barua kwa herufi za Kiarabu, hawakuacha nafasi kati ya fungu na fungu. Lakini baada ya salamu waliandika "ama baada", na msomaji akajua ya kuwa sasa shauri lenyewe laanza. Basi sentensi kuu ni mkongojo kwa mtoto anayejifunza kutembea. Hatusemi atupwe chini bila mkongojo, ila twasema mkongojo si mguu.

Msidhani twabishana juu ya alama za shule tu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala; watu walikufa, nyumba kwa maelfu ziliharibika, na malalamiko ya fidia yakaendelea kwa miaka. Mwenye nyumba aandikaye, "Mlipuko ule ulituletea hasara kubwa," ameandika sentensi kuu, naye hajasema kitu. Aandikaye ni ukuta wa upande gani uliopasuka, ni mabati mangapi yaliyong'oka, ni jirani gani aliyeshuhudia, huyo ana fungu, na barua yake haiwi rahisi kuwekwa kando. Na katika nyumba nyingi ni nani ashikaye kalamu mama akitaka kuandika kwa serikali ya mtaa juu ya mpaka wa kiwanja? Ni mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo twaona fungu lianze kufundishwa toka chini. Mtoto alete mambo matatu aliyoyaona kwa macho yake. Kisha aulizwe, "Haya matatu, kwa pamoja, yasema nini?" Jibu lake ndilo sentensi kuu, naye ataiweka juu akiisha kuipata. Mtoto wa maji akifundishwa hivyo aweza kuandika hivi:

"Nyumbani kwetu maji ni kazi ya watoto. Mimi na dada tunaamka kabla ya adhana tunabeba madumu manne. Kisima kikikauka tunaenda mpaka bondeni. Siku hiyo tunachelewa shule na majina yetu yanaandikwa ubaoni."

Lina kasoro, na alama ya mkato imekosekana mara mbili. Lakini mwalimu asomaye hili amejifunza kwa nini mtoto wake huchelewa, jambo ambalo lile la faida tatu lisingalimwambia kamwe.

Wenzetu watajibu ya kuwa haya hayawezekani katika darasa la watoto mia. Yawezekana, kama mwalimu hataki kuyasoma yote siku moja. Kila siku watoto kumi wasome mafungu yao kwa sauti, na wenzao wawe na ruhusa ya kuuliza swali moja tu: "Umejuaje?" Asiye na jibu arudi kuandika. Kwa siku kumi za masomo kila daftari la darasa litakuwa limesikiwa.