Boksi Jipya, RAM Iliyochomelewa

Picha mliiona. Boksi lingali na nailoni yake, msichana wa Kidato cha Tatu kalikumbatia, mzazi wake kando anacheka hadi macho yamefumba. Kikundi cha wazazi kikajaa makofi na mioyo myekundu. Mimi nikaikuza picha ili nisome maandishi ya ubavuni: Celeron N4020, RAM 4GB, eMMC 64GB. Makofi yangu nikayatia mfukoni.

Simung'unyi maneno. Kipakatalishi kile hakiifai kazi kilichonunuliwa kuifanya. Hakifai leo, na mwakani kitakuwa kibaya zaidi, kwa sababu aliyekiunda aliziba kila mlango ambao mwenye mali angepitia kukiboresha.

Mengine yalifanywa sawa: bajeti ilitengwa mapema, risiti ya ETR ikadaiwa, na hakuna aliyeshawishika na mashine ya michezo yenye taa za rangi chini ya kibodi.

Kosa lilitokea mezani. Mzazi mwenzetu katusimulia mwenyewe, tena kwa fahari, kwa hiyo sivunji siri ya mtu. Muuzaji wa Moi Avenue aliweka mashine mbili juu ya kioo, zote ndani ya shilingi 35,000. Kushoto ThinkPad T480 iliyotumika, zile ambazo wauzaji huziandikia "ex-UK": i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, kona moja imechubuka na herufi kadhaa za kibodi zinang'aa kwa kuguswaguswa. Kulia boksi. Mzazi akauliza swali moja tu: "Hii ilitumiwa na nani?" Muuzaji hakuwa na jibu, na nani angekuwa nalo? Ilikuwa ya ofisi fulani ng'ambo. Mkono ukaenda kulia, pesa zikatumwa, picha ikapigwa.

Swali hilo ni halali ukinunua godoro. Kwa kompyuta ya mwanafunzi, yalipaswa kuulizwa mengine kabisa. RAM ina nafasi ngapi, na iliyo wazi ni ipi? Diski inatoka au imechomelewa? Prosesa ni ya kizazi gani, na Windows 11 inaitambua rasmi? Betri imebakiza kiasi gani? Boksi lingeanguka kwenye mawili ya kwanza, wala tusingefika kwenye la tatu.

Nianze na hiyo eMMC, kwa maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Ni jamaa wa kadi ya kumbukumbu ya simu, ila huyu amechomelewa kwenye mazabodi. Katika kusoma faili moja kubwa haaibiki sana: kiwango cha 5.1 kinaruhusu hadi 400MB kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya SATA hufika kama 550. Muuzaji akikutajia tarakimu hizo utaona tofauti si ya kugombania. Shida ni kwamba njia yake ni moja. Data haziingii na kutoka kwa wakati mmoja, na Windows haishindi ikisoma faili moja kubwa. Inashinda ikiandika vipande vidogo vidogo huku na kule, mchana kutwa, hata wakati mtoto hajagusa chochote.

Njoo kwenye nafasi. 64GB za kwenye boksi, Windows huzihesabu kuwa 59 na ushee. Mfumo wenyewe unakula zaidi ya 20. Nyingine kama 7 zimetengwa kwa ajili ya masasisho, desturi iliyoanza na toleo la 1903 la Windows 10. Weka Office, weka Chrome, weka video chache za majaribio ya Kemia na picha alizohamisha kutoka simu ya mamake. Sasisho kubwa la mwaka likibisha hodi, halitapata pa kukaa. Tumeshayaona haya. Mwaka 2014 HP ilitoa Stream 11 kwa dola 199, RAM 2GB na hifadhi ya 32GB, na walionunua mashine za ukubwa huo wakaishia kupigana na kila sasisho la Windows 10 likigoma kwa kukosa nafasi. Ningedhani funzo lilipatikana. Kilichopatikana ni 64.

Halafu RAM. 4GB ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakitaja kwa Windows 11, na 64GB za hifadhi vilevile. Boksi lile limegusa kizingiti, halijaingia ndani. RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski. Penye SSD nzuri huenda usitambue. Penye eMMC, ziada inasukumwa kwenye ile njia moja ambayo tayari imesongamana, ikisubiri zamu pamoja na masasisho, kizuia virusi na faili ambalo mtoto anajaribu kulihifadhi. Ndipo kile kiduara kinapoanza kuzunguka. Mtoto anabofya tena, anabofya mara ya tatu, na kila mbofyo unaongeza foleni. Udhaifu wa RAM na udhaifu wa hifadhi, ambao kila mmoja peke yake ungevumilika, hapa vimekutanishwa makusudi ndani ya mashine moja.

Na huwezi kuvitenganisha. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. T480 ina nafasi mbili za RAM. 8GB zikipungua unanunua kijiti kingine, unafungua skrubu za chini, jioni una 16. SSD ikizeeka unang'oa na kuweka nyingine, na faili za mtoto unazinakili. Katika boksi lile, eMMC ikifa imekufa pamoja na mazabodi, na fundi wa Luthuli Avenue atakuambia bei itakayokufanya ucheke kwa uchungu. Siku ya picha ndiyo siku ambayo mashine ile ilikuwa bora kuliko itakavyopata kuwa tena.

Mtanijibu kwamba msichana anahitaji kuandika insha na kutazama video tu. Sivyo. Mzazi alisema mwenyewe kwamba binti yake anafanya Somo la Kompyuta, na wote tunajua hilo linamaanisha nini katika KCSE: 451/2 ni ya vitendo, na 451/3 ni mradi, mada ikitoka KNEC kila mwaka, mtahiniwa akitakiwa kuunda mfumo mzima wenye hifadhidata. Kwa kawaida hufanywa kwa Access. Fungua Access yenye majedwali na fomu zake, fungua Word kwa ajili ya ripoti ya mradi, acha kurasa tano za Chrome zikiwa wazi kama watoto wote wafanyavyo, halafu rudi uniambie 4GB zimekuwaje. Huyu yumo katika kundi la mwisho la 8-4-4, mtihani wake ni 2027, na baada ya hapo ni chuo. Mashine ilitakiwa imfikishe huko.

Access ndiyo pia inayowanyamazisha wale wawili ambao hawakosi katika kila mjadala. Wa kwanza ni wa Chromebook. Sina ugomvi na Chromebook. Tangu Google itangaze mwaka 2023 kwamba itazipa masasisho kwa miaka 10, ni mashine ya heshima kwa mtoto wa Gredi ya 10 ambaye njia yake ya sekondari pevu haimdai programu za Windows. Access haina toleo lake. Wa pili ni wa tufaha lililong'atwa. Access haiko huko pia, na bei naomba tusiitaje.

Kuhusu prosesa sitakaa sana. N4020 ilitoka 2019, ina viini viwili basi. i5-8350U ni ya 2017, ina viini vinne na nyuzi nane. Boksi ni jipya. Kilichomo ndani ni cha wakati ule ule wa ile "ya zamani", na ni dhaifu zaidi.

Msomaji wa siku nyingi anajua ninakoelekea, na sitamnyima. Mwaka 2011 Lenovo ilitoa X220 na T420. Safu saba za vibonye, kila kimoja kikirudi juu chenyewe kwa nguvu ya kistaarabu. Mifereji chini ya kibodi ili chai ikimwagika itokee upande wa pili bila kupita kwenye mazabodi. Diski ya X220 ilitoka kwa skrubu moja. Betri ulichomoa kwa vidole. Aliyeiunda alidhani mwenye mashine ni mtu mzima mwenye bisibisi. Mwaka uliofuata wakakata safu moja ya vibonye, jambo nililolilalamikia na nitakalolilalamikia hadi ninyang'anywe kalamu hii. T480 ya 2018 ni ya kizazi cha mwisho katika ukoo wa T kuwa na betri ya nje ya kuchomoa. Nyuma yake ina betri moja, ndani nyingine, na ya nje unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo mtu wa mtaa wangu, stima ikipotea saa moja jioni, hahitaji kuelezwa faida yake. T490 ikaja 2019, mlango wa betri ukafungwa, nusu ya RAM ikachomelewa. Na ugonjwa huu haukuanzia kwa mashine za bei nafuu: MacBook Air ilikuwa na RAM ya kuchomelewa tangu 2008, kwa sababu ilitaka kuwa nyembamba. Hiyo angalau ilikuwa na sababu. Boksi letu ni nene na bado limechomelewa.

Kwa haki, boksi lina udhamini wa mwaka mmoja na betri ambayo haijachoka. Ni kweli pia kwamba mashine iliyotumika ina mitego. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo Windows 11 haizikubali rasmi, zinauzwa kwa tabasamu pana. Mtego mbaya zaidi ni kwamba T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 5490 ziliwahi kutolewa pia na prosesa za kizazi cha saba. Jina la mashine halikupi uhakika. Stika ya "i5" nayo haisemi lolote, sawa na ile ya "i7" ambayo nimeona vijana wakiilipia maelfu zaidi bila kusoma tarakimu zinazofuata. Ingia kwenye Settings, usome namba nzima: 8250U, 8350U na kuendelea.

Mwenzetu bado ana nafasi. Boksi halijamaliza wiki na risiti anayo. Arudi dukani aombe kubadilishiwa, hata kwa kuongeza kidogo. Akiwa pale awashe T480, aingie BIOS kuhakikisha haijafungwa kwa nenosiri la kampuni iliyoiuza, kisha aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri na alinganishe uwezo ambao betri iliundwa nao na uliobaki. Achaji kwa USB-C mbele ya muuzaji, kwa kuwa T480 ambazo hazikusasishwa programu ya Thunderbolt huweza kuharibika kwenye tundu hilo hilo. Kona iliyochubuka aiache kama ilivyo.

Muuzaji akikataa, binti azime programu zote zinazojiwasha zenyewe, video zihamie kwenye flashi, na mradi wa Access unakiliwe mahali pengine kila Ijumaa. Na fundi yeyote atakayeahidi kuongeza RAM kwenye mashine ile, aombwe kwanza aonyeshe ataichomeka wapi.