Mary Richmond na Ufundi wa Kusikiliza

Mtu anapofika ofisini kwa mara ya kwanza kuomba msaada, kazi ngumu ya anayempokea ni kumwacha aseme. Fomu iko mezani. Ina nafasi ya jina, umri, idadi ya watoto, kodi ya nyumba, na mkono umekwisha shika kalamu. Nje kuna foleni. Mary Richmond, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Marekani, aliijua vizuri hali hiyo, na katika kitabu chake kikubwa, Social Diagnosis, kilichotoka New York mwaka 1917, alitenga sura nzima kueleza namna ya kuyaendesha mahojiano hayo ya kwanza. Fomu isitawale mazungumzo. Maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana yaepukwe, na yale yanayomwekea mtu jibu mdomoni yaepukwe vilevile. Mgeni asikilizwe kwa haki na kwa subira. Katika maneno yake zitafutwe njia za kuwafikia watu wengine wanaoyajua maisha yake. Na mazungumzo yenyewe yawe mwanzo wa safari yake ya kujitegemea, hata kama mwanzo huo ni mdogo.

Kila ninapoirudia sura hiyo huona mkono wa fundi. Hakuna neno la kuwasifu wenye huruma, wala machozi kwa ajili ya maskini. Anachoeleza ni kazi: nini kifanywe kwanza, nini kisubiri, wapi mtu hukosea. Richmond aliamini kwamba huruma bila ufundi humwumiza anayehurumiwa, na maisha yake yote ya kazi, karibu miaka 40, aliyatumia kuufanya ufundi huo ufundishike.

Yeye mwenyewe hakufika chuo kikuu. Alizaliwa Belleville, katika jimbo la Illinois, tarehe 5 Agosti 1861. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo sana, naye akalelewa Baltimore na bibi mzaa mama pamoja na mama zake wadogo, katika nyumba ambamo mijadala ya haki ya wanawake kupiga kura ilikuwa kama chakula cha kila siku. Bibi hakuwa na imani na shule za wakati ule, hivyo mjukuu alijisomea nyumbani mpaka alipofikisha umri wa miaka 11 hivi. Alimaliza sekondari ya wasichana akiwa na miaka 16, akaenda New York kufanya kazi katika kampuni ya kuchapisha vitabu, akaishi kwa dhiki, akaugua, akarudi Baltimore. Huko akawa mtunza hesabu.

Mwaka 1889, mwaka uleule Jane Addams alipofungua Hull House, nyumba yake ya kuwahudumia majirani maskini, kule Chicago, Richmond aliomba kazi ya msaidizi wa mweka hazina katika chama cha Baltimore kilichoratibu misaada kwa maskini. Kabla hajaanza alipelekwa Boston kujifunza kwa Zilpha Smith, mwanamke aliyekuwa akiongoza kazi kama hiyo kule. Miaka 28 baadaye, Social Diagnosis kilipochapwa, ndiye Zilpha Smith aliyetabarukiwa kitabu hicho. Naona jambo hilo linasema mengi kuhusu tabia ya Richmond: hakumsahau aliyemshika mkono.

Miaka miwili tu baada ya kuajiriwa, mtunza hesabu huyo alikuwa katibu mkuu wa chama. Mchana alikuwa ofisini, lakini pia alikwenda mwenyewe kutembelea kaya maskini, kama walivyofanya wanawake wa kujitolea aliowasimamia. Kutokana na ziara hizo aliandika kitabu chake cha kwanza, Friendly Visiting Among the Poor, mwaka 1899. Ni kitabu kifupi, na mpangilio wake unatokana na nyumba yenyewe: mtafuta riziki, mama wa nyumba, watoto, afya, matumizi na akiba, burudani. Ndiyo, burudani. Sura nzima. Wakati wengi waliona maskini hana haki ya kucheka mpaka amalize kulipa deni, yeye aliiweka furaha ya familia miongoni mwa mambo ambayo mtembeleaji anapaswa kuyajua.

Kufikia hapo alikuwa amekwisha kugundua kinachokosekana. Mwaka 1897, kwenye mkutano wa kitaifa wa watoa huduma hizi wa Marekani, uliofanyika Toronto, Kanada, alisimama na kudai shule ya kuwafunza watu wa kazi hii. Mwaka uliofuata yalianza mafunzo ya kiangazi mjini New York, na mbegu hiyo ndiyo iliyokua ikawa kitivo cha kazi za ustawi wa jamii cha Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka 1900 alihamia Philadelphia kuongoza chama cha huko, na mwaka 1901 aliwasilisha mchoro ambao wanafunzi wa fani hii bado wangeweza kuutundika ukutani. Ni duara ndani ya duara. Katikati iko familia. Inayoifuata ni nguvu ya watu binafsi walio karibu nayo, kama ndugu na marafiki. Kisha ujirani, kisha mji na vyombo vyake, kisha mashirika ya hisani, na nje kabisa msaada wa serikali. Mfanyakazi aanzie katikati akielekea nje. Asikimbilie duara la mwisho kabla hajauliza kama yupo mjomba, mwalimu au mwajiri wa zamani aliye tayari kusaidia.

Lakini kilele cha ufundi wake kilikuwa New York, alikofanya kazi na taasisi ya Russell Sage kuanzia mwaka 1909 mpaka kifo chake. Hapo alipata nafasi aliyokuwa akiitamani: kusoma majalada. Maofisa wa miji mbalimbali walikuwa wameandika kesi kwa maelfu, na karatasi hizo zilikaa makabatini bila kusomwa na mtu mwingine. Richmond na wenzake walizisoma mstari kwa mstari kuona mfanyakazi alimuuliza nani, alipata nini, aliamua nini, na uamuzi huo ulisimama juu ya ushahidi gani. Katika hesabu moja walichukua ofisi na mashirika 56 ya miji mitatu, kesi 50 kutoka kila moja, jumla kesi 2,800, wakahesabu ni nani waliofikiwa nje ya familia yenyewe: ndugu, madaktari, walimu, waajiri, wenye nyumba, makanisa, kumbukumbu za serikali. Kutokana na hesabu kavu kama hiyo ndipo iliweza kuonekana, kwa mfano, ofisi inayomkimbilia mwenye nyumba na kumsahau mwalimu.

Kitabu chenyewe kilimchukua muda mrefu. Anasema katika utangulizi kwamba alianza kukusanya maelezo yake miaka 15 kabla. Aliwaendea mabingwa wa fani nyingine bila haya. Kutoka kwa wanasheria, John Wigmore akiwa mmojawapo, alijifunza kupima ushahidi: alichokiona mtu kwa macho yake, alichoambiwa, na kile kinachokisiwa kutokana na mazingira. Kutoka kwa wanahistoria alijifunza kuhoji hati.

Halafu akamgeukia mfanyakazi mwenyewe, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine. Aliorodhesha njia ambazo fikra za mhojaji humpotosha. Anashika kanuni ya jumla isiyo ya kweli, kama kusema kwamba kila mume aliyetoroka nyumbani ni mlevi. Anafananisha kesi mbili kwa sababu zinakaribiana kwa sura. Anachukua jambo lililotangulia akalifanya sababu ya lililofuata. Anaingia mlangoni na jibu kichwani. Yeyote aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza, akieleza shida yake kwa mtu aliyekwisha kuamua, anajua kwa nini kurasa hizo ni muhimu.

Mwishoni mwa kitabu kuna maswali mengi sana yaliyopangwa kwa aina ya kesi: familia ya wahamiaji, mke aliyetelekezwa, mjane mwenye watoto, mtoto asiyetunzwa, kipofu, mtu asiye na makazi. Richmond alionya waziwazi kwamba asiulizwe mtu maswali hayo moja baada ya jingine. Yaliandikwa kumkumbusha mfanyakazi mambo ambayo huenda hakuyafikiria, basi. Onyo hilo halikusikika kila mahali, na wapo waliomlaumu kwa urasimu alioukataza yeye mwenyewe.

Kitabu kilitoka wakati wake. Mwaka 1915 Abraham Flexner, mtu mwenye sauti kubwa katika elimu ya udaktari Marekani, alikuwa amewaambia wafanyakazi hawa, mjini Baltimore kwenyewe, kwamba kazi yao bado haijafikia kuwa taaluma kamili. Miaka miwili baadaye walikuwa na kitabu cha kuweka mezani. Mwaka 1921 Smith College ilimtunuku Richmond shahada ya heshima, yeye aliyeishia sekondari.

Mwaka 1922 alitoa kitabu kidogo zaidi, What Is Social Case Work?, na mfano alioanza nao ni Annie Sullivan, mwalimu wa Helen Keller. Sullivan alikuwa na miaka 20 alipofika Alabama mwaka 1887. Yeye mwenyewe utotoni aliwahi kuishi katika makao ya kutunzia maskini na macho yake yalikuwa mabovu. Alimkuta mtoto asiyeona wala kusikia, ambaye nyumba nzima ilishindwa kumkataza lolote. Jambo moja lililomvutia Richmond katika barua za mwalimu huyo ni hatua ya mapema: Sullivan aliomba ahamie na mtoto katika kijumba cha bustanini, mbali kidogo na wazazi. Alibadili mazingira ili mtoto apate nafasi ya kubadilika. Sullivan hakujua kwamba anafanya kazi ya fani fulani. Richmond aliitambua, akaieleza, na hivyo wengine wakaweza kuifuata.

Ana upungufu, nao si mdogo. Alipinga pensheni ya serikali kwa akina mama wajane, ambayo jimbo la Illinois liliianza mwaka 1911 na majimbo mengi yakaifuata. Alihofia fedha zitagawiwa bila uchunguzi wa kila kaya. Naamini alikosea. Mjane mwenye watoto wanne anahitaji chakula wiki hii, na uchunguzi, hata uwe mzuri kiasi gani, hauondoi njaa. Jicho lililozoea kuitazama familia moja kwa makini liliona kwa shida mishahara duni na viwanda vilivyowaua waume. Jane Addams aliyaona hayo vizuri zaidi. Fani ilihitaji macho yote mawili, na bado inayahitaji.

Richmond alifariki New York tarehe 12 Septemba 1928, akiwa na miaka 67.

Fani aliyosaidia kuijenga ipo kwetu pia: Tanzania imekuwa na chuo chake tangu sheria ya mwaka 1973 iliyoanzisha Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii kazi ya kuchunguza na kuiandikia mahakama taarifa kuhusu hali ya mtoto. Katika halmashauri zetu afisa huyo huenda shuleni, humuona mjumbe wa nyumba kumi, huzungumza na shangazi, hupita zahanati, ndipo arudi kuandika. Hayo ni maduara ya Philadelphia yaliyochorwa upya kwa miguu, mara nyingi na mtu mmoja anayehudumia kata nyingi bila usafiri.

Majalada ya maafisa hao yapo, miaka kwa miaka, katika ofisi za wilaya. Yamejaa maarifa kuhusu familia zetu ambayo hayamo katika kitabu chochote cha Marekani. Ninawaomba walimu wa fani hii, na wanaogawa fedha za utafiti: wapeni maafisa wachache wazoefu muda wa kuyasoma, majina yakiwa yamefichwa, na watuandikie kitabu chetu kwa Kiswahili.