Miwani na Kioo cha Simu

Miwani ni chombo cha ajabu kidogo. Huvaliwa na mtu mmoja, lakini huonwa na wengine wote. Aliyeivaa haitazami, hutazama kupitia humo. Kwa hiyo mtu anayetafuta miwani huwa na haja mbili kwa wakati mmoja: aone, na aonekane. Biashara yoyote ya miwani yafaa kupimwa kwa haja hizo mbili, na kwa mizani hiyo nataka kuipima kampuni ya Kimarekani ya Warby Parker pamoja na kioo chake cha simu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2010 na wanafunzi wanne wa shule ya biashara ya Wharton, mjini Philadelphia. Mmoja wao alikuwa amepoteza miwani yake safarini, na bei ya kununua nyingine ikamshinda. Wakajiuliza kwa nini lenzi mbili na fremu ya plastiki zigharimu mamia ya dola. Jibu lao likawa kuuza kwa njia ya intaneti, kwa bei iliyoanzia dola 95 pamoja na lenzi. Hapo nawapa heshima yao, kwani miwani ni haja ya macho na si pambo la wenye nacho peke yao.

Lakini mteja atajuaje kama fremu inamfaa bila kuishika? Mwanzoni walimpelekea sanduku lenye fremu tano, akae nazo siku tano nyumbani, kisha azirudishe. Mwaka 2019 wakaleta kioo cha simu. Mteja hujielekezea simu usoni. Kamera ya iPhone hurusha maelfu ya nukta za mwanga usioonekana kwa macho, ikapima mabonde na vilima vya uso, na papo hapo picha ya miwani ikatua juu ya pua. Ukigeuza shingo, nayo hugeuka.

Si kiinimacho hata kidogo. Programu inayotegemea picha ya kawaida haiwezi kujua upana wa uso. Ndiyo maana wauzaji wengine humwomba mteja ashike kadi ya benki karibu na uso, kwa kuwa upana wa kadi hiyo ni milimita 85.6 popote duniani. Kamera inayopima kina imeondoa kubahatisha huko. Nami naona faida nyingine: hakuna muuzaji aliyesimama kando akiapa kwamba kila unayoivaa imekupendeza. Kwa haja ya kuonekana, basi, kioo hiki kimefaulu.

Je, haja ya kuona? Hapa ndipo ninapokwama. Picha haina uzito. Pua yangu, kama pua za wengi wa kwetu, haina mfupa ulioinuka juu, na fremu nyingi za madukani zimechongwa kwa pua zilizoinuka. Ninapoinama kuandika, miwani huteleza. Ninapocheka, mashavu huisukuma. Jasho likitoka, ndiyo basi tena. Kampuni hii inastahili sifa kwa kutengeneza pia fremu za pua za namna hiyo. Hata hivyo, katika kioo cha simu kila fremu hukaa pale ilipopangiwa kukaa. Haitelezi, haibani nyuma ya masikio, haiachi alama puani jioni. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Asidhani msomaji kwamba hili ni jambo la starehe tu. Kitovu cha lenzi hutakiwa kilingane na mboni ya jicho. Kwa miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja, sehemu ya kusomea iko chini ya lenzi, na fundi hana budi kujua fremu inakaa kimo gani juu ya pua ya mvaaji mwenyewe. Ikishuka milimita chache, sehemu hiyo nayo hushuka, na mvaaji huanza kuinua kidevu kama anayetafuta nyota. Kwa hiyo mahali inapokaa miwani ni sehemu ya kuona kwenyewe.

Lipo na jambo lingine la kuchekesha. Ili ujaribu fremu mpya katika simu, mara nyingi huna budi kuvua ile uliyonayo. Mzee asiyeona karibu atashika simu na kuona ukungu uliovaa miwani! Kioo hiki humfaa zaidi yule asiyehitaji sana kile kinachouzwa.

Tusisahau miwani ni kitu gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa wafanyakazi wa vijijini huko Bangladesh, wenye umri wa miaka 35 hadi 65, miwani ya kusomea bure. Baada ya miezi minane, kipato chao cha kati (yaani median) kwa mwezi kilikuwa kimepanda kutoka dola 35.30 hadi 47.10. Mshonaji hakuongezewa kipato na umbo la fremu. Aliongezewa na tundu la sindano aliloweza kuliona tena.

Ushahidi mkubwa umetolewa na kampuni yenyewe. Mwaka 2013 ilifungua duka lake la kudumu mjini New York, na leo ina maduka zaidi ya 200, ambako sehemu kubwa ya mauzo yake hupatikana. Mwaka 2025 ikatangaza kuusitisha mpango wa sanduku la fremu tano. Walioanza kwa kulikimbia duka wamerudi dukani, kwenye kiti, kipimo na mkono wa fundi.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kioo cha simu ni mchujo mzuri: kati ya fremu ishirini kitakuachia tatu. Hizo tatu uziweke puani. Uiname, ucheke, usome ukurasa mzima. Aliye mbali na duka ndiye ninayemhofia, maana sanduku lililomfikishia fremu halisi mlangoni ndilo lililoondolewa, naye akaachiwa picha.